Galileo Galilei na Hesabu ya Jiwe Linaloanguka

Jina la Galileo Galilei si geni kwa mwanachuo yeyote aliyepitia somo la Sayansi. Aghalabu hutajwa kwa mambo mawili: kwamba aliielekeza darubini mbinguni, na kwamba alishtakiwa mbele ya wakuu wa Kanisa kwa kushikilia kuwa dunia hulizunguka jua. Mambo hayo ni ya kweli, na yameandikwa sana. Makala hii haitayaacha, lakini haitakaa nayo muda mrefu. Nia yake ni kumweleza Galileo kwa upande unaomhusu zaidi mwalimu, yaani Galileo akiwa mezani kwake, na karatasi, na wino, na hesabu inayokataa kukubali. Hesabu yenyewe ni ile ambayo siku hizi mwanafunzi wa sekondari hupewa aende nayo nyumbani na kuirejesha kesho yake: jiwe likiachwa lianguke, huenda umbali gani kwa muda gani? Mtu huyu, ambaye kwa akili hakuwa na wengi wa kulinganishwa naye, alianza kuiandikia akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na jibu lake likapigwa chapa akiwa mzee wa miaka 74.

Alizaliwa mjini Pisa tarehe 15 Februari 1564. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Ilikuwa imegawanyika katika dola ndogo ndogo, na Pisa ilikuwa chini ya watawala wa Tuscany waliokaa Florence. Baba yake, Vincenzo Galilei, alikuwa mpigaji na mwalimu wa luti, ala ya nyuzi iliyo ndugu wa udi tunaousikia katika taarabu. Kipato chake kilikuwa kidogo na watoto walikuwa wengi. Hata hivyo Vincenzo alikuwa na tabia moja iliyomfaa mwanawe kuliko fedha: hakukubali kanuni kwa sababu tu imeandikwa. Wataalamu wa muziki walikuwa wamerithishana kwa karne nyingi kwamba uzi ukitundikwa jiwe, kisha uzito wa jiwe ukaongezwa maradufu, sauti ya uzi hupanda hatua nane za ngazi ya muziki. Vincenzo alitundika mawe, akasikiliza. Uzito maradufu haukutosha. Sauti ilihitaji uzito mara nne ndipo ipande kiasi hicho. Msomaji na aikumbuke hiyo mara nne, kwani tutakutana nayo tena.

Mwaka 1581 Galileo aliingia Chuo Kikuu cha Pisa kusomea utabibu, kazi ambayo baba aliona italeta riziki. Lakini punde alikutana na mafundisho ya Ostilio Ricci, mwanahisabati wa ikulu ya Tuscany, aliyekuwa akifundisha Jometri ya Euclid, na tangu hapo utabibu ukakosa mtu. Aliondoka chuoni mwaka 1585 bila shahada, akaishi miaka minne kwa kuwafundisha watu hesabu katika miji ya Florence na Siena. (Wanachuo wasiichukue habari hii kuwa ruhusa ya kukatiza masomo.)

Ni katika kipindi hicho, mwaka 1586, alipoandika kijitabu kuhusu mizani ndogo. Kila mwalimu wa Sayansi hukisimulia kisa cha Archimedes na taji la mfalme: jinsi mzee yule alivyoingia katika josho, maji yakamwagika, naye akapata njia ya kujua kama taji lile ni dhahabu tupu au limechanganywa na fedha. Galileo alikisoma kisa hicho kama mwanafunzi makini asomavyo swali. Aliona kwamba kupima maji yaliyomwagika ni njia ya kukisia mno kwa mtu hodari kama Archimedes, akajiuliza ni kwa njia gani ambayo kazi hiyo ingefanyika barabara. Alibuni mizani ambayo kitu hupimwa kikiwa kimezama majini, na mkono wake akauzungushia waya mwembamba ili sehemu ndogo ndogo zihesabike. Nyaya hizo zilikuwa nyembamba hata jicho likashindwa kuzihesabu. Basi akaelekeza kwamba ncha ya kisu chembamba ipitishwe juu yake polepole, na mtu azihesabu kwa kugusa kwa mkono na kusikia kwa sikio. Hapo twaona jambo lililokuwa kwake desturi maisha yote: penye kipimo kigumu, alitafuta kiungo kingine cha mwili kimsaidie jicho.

Mwaka 1589 alipata kazi ya kufundisha hisabati katika chuo kile kile alichokuwa amekiacha, kwa mshahara wa scudi 60 kwa mwaka, kiasi ambacho walimu wa utabibu wangekiona aibu. Huko Pisa alianza kuandika juu ya vitu viangukavyo. Mafundisho ya Aristotle, yaliyokuwa yametawala vyuo kwa karne nyingi, yalisema kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake. Galileo aliyakataa, ila alichoweka mahali pake nacho hakikuwa sahihi: alidhani kwamba kila dutu ina kasi yake maalumu ya kuangukia, na kwamba kule kuongezeka kwa kasi tunakokuona ni kwa muda mfupi tu mwanzoni. Hakuyapiga chapa maandiko hayo. Ama kisa cha kupanda mnara wa Pisa na kuangusha mawe mbele ya chuo kizima, kisa hicho kiliandikwa na mwanafunzi wake Vincenzo Viviani miaka mingi baadaye. Galileo mwenyewe hakuacha maandishi ya siku kama hiyo. Mwalimu akisimulie darasani kama kisa, wala asiwape watoto kwa daraja la historia.

Baba yake alifariki mwaka 1591, na mzigo wa ndugu, pamoja na mahari ya dada zake, ukamwangukia yeye, kwani kwa desturi ya huko ni upande wa mke uliotoa mahari. Mwaka uliofuata alihamia Padua, katika dola ya Venice, akafundisha huko miaka 18. Mshahara ulikuwa afadhali, lakini haukutosha. Alipangisha wanafunzi vyumba nyumbani kwake, akawafundisha kwa malipo, akamweka fundi nyumbani humo atengeneze vyombo vya kuuza. Chombo kimoja kilipata umaarufu: bikari yenye mikono iliyochorwa vipimo, ambayo askari na mfanyabiashara aliweza kuitumia kukokotoa uwiano, riba, na uzito wa risasi za mizinga bila kujua hesabu nyingi. Galileo alipata zaidi kwa kufundisha namna ya kuitumia kuliko kwa kuiuza. Katika Padua pia aliishi na Marina Gamba, akazaa naye binti wawili, Virginia na Livia, na mwana mmoja, Vincenzo.

Sasa tufike kwenye jiwe. Ugumu wa kwanza wa swali hili ni kwamba jiwe halingoji. Likiachwa kutoka paa la nyumba ya kawaida, hufika chini kabla ya sekunde moja kwisha, na katika zama za Galileo hapakuwa na saa iwezayo kuigawa sekunde. Alichofanya ni kuupunguza mwendo badala ya kuukimbiza. Alichukua boriti ya mbao yenye urefu wa dhiraa 12 hivi za kwao, yaani karibu meta 7, akachimba juu yake mfereji mwembamba ulionyooka, akausugua, akautandika karatasi ya ngozi iliyolainishwa, kisha akauinua upande mmoja kidogo na kuteremsha humo tufe gumu la shaba nyeusi. Aliamini kwamba kinachotukia katika mteremko ndicho kinachotukia katika kuanguka, ila polepole. Muda aliupima kwa maji: ndoo kubwa yenye bomba jembamba chini yake ilimwaga maji katika bilauri tangu tufe lilipoachwa hadi lilipofika, na maji yale akayapima katika mizani. Maji mengi, muda mwingi. Alieleza kwamba majaribio hayo aliyarudia mara mia nzima. Tufe lilipoteremka robo tu ya urefu wa boriti, lilitumia nusu ya muda wa boriti nzima. Kwa maneno mengine, muda ukiwa maradufu, umbali huwa mara nne.

Katika karne ya 20 walitokea wanazuoni, Alexandre Koyré akiwa mashuhuri miongoni mwao, waliotilia shaka kwamba ndoo na bilauri vyaweza kutoa vipimo vizuri kiasi hicho. Mwaka 1961 Thomas Settle, mtafiti wa Marekani, alivitengeneza upya vifaa vile na kulirudia jaribio. Vipimo vilikubali.

Jambo hili laweza kufanywa katika shule yoyote yenye ubao mrefu na gololi. Upande mmoja wa ubao wa meta 2 na uinuliwe juu ya tofali moja, na vitaa viwili vyembamba vya mbao vigongomewe sambamba ili gololi isitoke njiani. Kisha nyuzi nyembamba zifungwe kukata njia, kwa umbali wa sentimeta 10, 40, 90 na 160 kutoka mahali gololi inapoachiwa. Gololi ikipita hugonga kila uzi, na watoto wafumbe macho wasikilize: milio hufuatana sawasawa, kama ngoma. Baadaye nyuzi zihamishwe ziwe kila baada ya sentimeta 40. Mara hii milio huanza kwa uvivu na kuishia kwa haraka. Hapahitajiki saa. Mwanahistoria Stillman Drake, aliyefanya kazi Kanada, alidhani kwamba Galileo, mtoto wa mpiga luti, alifanya vivyo hivyo kwa nyuzi za utumbo zinazofungwa katika shingo ya ala hiyo. Dhana hiyo aliitoa katika ukurasa mmoja wa karatasi za Galileo wenye tarakimu 33, 130, 298, 526 na kuendelea, kwa kipimo kinachokaribia milimeta moja. Mwanachuo azigawe tarakimu hizo kwa 33, atapata karibu sana na 1, 4, 9, 16.

Watoto wa darasa la tano wasiojua kipeo cha pili wasiachwe nyuma hapa, kwani Galileo mwenyewe hakutumia kanuni za aljebra kama zetu. Alitumia uwiano na namba nzima. Aliona kwamba tukigawa muda katika vipande vilivyo sawa, umbali unaopitwa katika kipande cha kwanza ukiwa 1, katika cha pili huwa 3, katika cha tatu 5, katika cha nne 7. Hizo ni namba witiri kwa mpangilio wake. Zikijumlishwa hatua kwa hatua hutoa 1, 4, 9, 16. Mtoto anayejua kujumlisha ameshaingia katika fizikia.

Mwezi Oktoba 1604 Galileo alimwandikia barua rafiki yake Paolo Sarpi, mtawa msomi wa Venice. Alimweleza kanuni hiyo ya umbali na namba witiri, na akaeleza kwamba ameipata asili ambayo kanuni hiyo yatoka. Asili yenyewe, kwa maoni yake, ilikuwa hii: kasi ya kitu kiangukacho huongezeka kwa kadiri ya umbali kilioanguka. Kikianguka umbali maradufu, kina kasi maradufu.

Kanuni ya umbali na muda ilikuwa sahihi. Asili aliyoitoa haikuwa sahihi. Kasi huongezeka kwa kadiri ya muda, si ya umbali. Galileo alikuwa na jibu la kweli, na njia ya uongo ya kulifikia.

Tusimcheke. Kosa lake lilikuwa na sababu nzuri. Aliziona mashine za kugongea nguzo ardhini, ambazo jiwe likiangushwa kutoka kimo maradufu hugonga kwa nguvu maradufu, akalichukua pigo kuwa ndilo kasi. Leo twajua kwamba nguvu za pigo lile hulingana na kipeo cha pili cha kasi, ndiyo maana hulingana na kimo. Lakini elimu hiyo haikuwapo. Isitoshe, mambo hayo mawili, umbali na muda, huongezeka pamoja jiwe linaposhuka. Anayesema kwamba kadiri liendavyo mbali ndivyo linavyokwenda kasi hakusema uongo. Amekosea kadiri tu. Mtoto yeyote mwenye akili angeanzia hapo.

Nakusudia kulisisitiza jambo hili kwa mfano kutoka darasani. Katika zoezi moja la wanachuo wa mwaka wa kwanza palikuwa na swali hili: jiwe limeangushwa kisimani, likasikika likigonga maji baada ya sekunde 2, kina cha kisima ni meta ngapi, ikiwa kasi ya jiwe huongezeka meta 10 kwa sekunde katika kila sekunde? Niliwataka wabadilishane madaftari na kusahihishiana. Mmoja alikuwa amezidisha 10 kwa 2, akapata 20. Mwingine alichora kisima, akaandika kwamba jiwe lilianza na kasi sifuri na kuishia na kasi 10 katika sekunde ya kwanza, hivyo kwa wastani limepita meta 5. Katika sekunde ya pili, kwa kanuni ya witiri, meta 15. Kisha akazijumlisha akaandika 25. Wa kwanza alipewa alama zote, wa pili hakupewa hata moja. Jibu la swali ni meta 20, hilo ni kweli. Lakini 20 ya yule wa kwanza haikuwa kina cha kisima hata kidogo. Ilikuwa kasi ya jiwe wakati linagonga maji, ambayo kwa bahati ya tarakimu imefanana na kina. Swali lilipobadilishwa likawa la sekunde 3, yule wa kwanza aliandika 30. Yule wa pili aliandika 5 na 15 na 25, jumla 45, na mara hii alijumlisha vizuri.

Ndugu mwanachuo, Sarpi alipoipokea barua ile mwaka 1604, kama angekuwa msahihishaji wa kutazama jibu tu, angemwekea Galileo vyema na kumrudishia daftari. Kwa bahati njema Galileo hakujiwekea vyema. Katika miaka iliyofuata alirudi mara kwa mara kwenye asili ile, akajaribu kuijengea uthibitisho, akaona haisimami. Hoja aliyoitoa mwishowe kuikanusha yaweza kuelezwa watoto kwa habari ya basi. Basi likienda safari ya urefu maradufu kwa kasi maradufu, hutumia muda ule ule. Basi kama kasi ya jiwe ingefuata umbali, jiwe lingetumia muda sawa kuanguka dhiraa 4 na kuanguka dhiraa 2. Maana yake dhiraa mbili za mwisho lingezipita bila kutumia muda wowote, jambo lisilowezekana. Hivyo akauacha umbali, akaushika muda.

Mwaka 1609 alipata habari za chombo cha Uholanzi kinachovuta karibu vitu vya mbali, akajitengenezea cha kwake kilicho bora, akakielekeza mbinguni. Mwezi Januari 1610 aliona miezi minne ikiizunguka sayari ya Jupita. Aliandika kitabu, jina lake likaenea Ulaya nzima, na mtawala wa Tuscany akamwita Florence awe mwanahisabati na mwanafalsafa wake, bila wajibu wa kufundisha. Karatasi za mwendo zilibaki kando kwa miaka mingi. Mwaka 1616 Kanisa lilizuia kitabu cha Copernicus kilichoeleza kwamba dunia hulizunguka jua, na Galileo akaonywa asiitetee rai hiyo. Mwaka 1632 alitoa kitabu cha mazungumzo kilichoipima rai hiyo pamoja na ile iliyoipinga, na msomaji hakuweza kukosa kuona mwandishi yuko upande gani. Aliitwa Roma. Tarehe 22 Juni 1633, akiwa na umri wa miaka 69, alipiga magoti na kula kiapo cha kuikana rai hiyo, akahukumiwa kifungo, ambacho kiligeuzwa kuwa cha nyumbani. Zaidi ya miaka 350 baadaye, mwaka 1992, Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri hadharani kwamba waliomhukumu walikosea.

Mtu wa kawaida angekaa kimya baada ya hayo. Galileo alipotolewa Roma alipokewa kwanza Siena nyumbani kwa Askofu Mkuu wa mji huo, na humo alianza tena kushughulika na mambo ya mwendo. Mwishoni mwa mwaka 1633 aliruhusiwa kurudi nyumbani kwake Arcetri, nje kidogo ya Florence, kwa sharti la kutotoka. Binti yake Virginia, aliyekuwa mtawa kwa jina la Maria Celeste katika nyumba ya watawa iliyokuwa karibu, alifariki mwezi Aprili 1634, akiwa na miaka 33. Huyo ndiye mtoto aliyekuwa akimwandikia barua, akimfulia na kumshonea nguo, na kumliwaza katika siku za mashtaka. Pigo hilo lilimlaza mzee. Alipoinuka aliendelea kuandika.

Kitabu chake cha mwisho, juu ya elimu mbili mpya, kilipigwa chapa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, kwa kuwa vitabu vyake havikuruhusiwa kutolewa kwao. Ndani yake watu watatu huzungumza kwa siku nne. Salviati na Sagredo aliwapa majina ya marafiki zake wa kweli waliokwisha kufa. Wa tatu, Simplicio, hushikilia mafundisho ya zamani. Kwa mwalimu, ubora wa kitabu hiki uko katika namna wazo linavyopikwa mbele ya msomaji. Simplicio haambiwi tu kwamba Aristotle amekosea. Anatakiwa afikiri jiwe kubwa liangukalo upesi, na dogo liangukalo polepole, kisha yafungwe pamoja. Je, dogo litamchelewesha mwenzake? Basi mawe mawili yataanguka polepole kuliko lile kubwa peke yake. Lakini yakifungwa pamoja ni mazito kuliko lile kubwa, hivyo yangepaswa kuanguka upesi zaidi. Rai moja imezaa majibu mawili yanayopingana, wala hapajatupwa hata jiwe moja.

Katika siku ya tatu Sagredo analeta rai kwamba kasi huongezeka kwa kadiri ya umbali. Ni rai ile ile ya mwaka 1604. Salviati hamkemei, anamweleza kwamba mwandishi mwenyewe aliwahi kuishi na kosa hilo kwa muda, kisha anamwonyesha hatua kwa hatua kwa nini haliwezekani. Galileo angeweza kulificha. Barua ya Sarpi ilikuwa ya siri ya marafiki, na miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita. Aliliweka kitabuni, mahali ambapo mwanafunzi angelikuta wakati ule ule naye anapolifikiri.

Kabla kitabu kutoka Galileo alikuwa amepofuka macho yote mawili. Mwaka 1639 alipokelewa nyumbani kwake kijana wa miaka 17 amsomee na kumwandikia. Huyo ndiye Vincenzo Viviani tuliyemtaja. Kijana alikipitia kitabu cha bwana wake kwa makini, akasimama mahali pamoja. Galileo alikuwa ametaka msomaji akubali bila uthibitisho kwamba tufe likiteremka katika miteremko mikali au ya taratibu hufika chini na kasi ile ile, maadamu kimo ni kimoja. Viviani hakuridhika, na alisema hivyo. Mzee wa miaka 75, kipofu, mwenye sifa duniani kote, hakumwambia akariri. Alilibeba swali usiku kwa usiku bila kuona karatasi, akapata uthibitisho, akamtamkia kijana auandike. Uliingizwa katika toleo lililopigwa chapa baada ya kifo chake. Mwezi Oktoba 1641 alikuja pia Evangelista Torricelli, ambaye baadaye alitengeneza baromita ya zebaki, akakaa naye katika miezi yake ya mwisho. Galileo alifariki tarehe 8 Januari 1642.

Viviani alizikusanya karatasi zake kwa miaka mingi. Baada ya Viviani mwenyewe kufa zilitawanyika, na inasimuliwa kwamba katika karne ya 18 mtu mmoja wa Florence alinunua soseji kwa muuza nyama akazikuta zimefungwa katika barua ya Galileo, kama karanga zinavyofungwa kwetu katika kurasa za madaftari. Zilizookolewa zimo katika maktaba ya taifa ya Florence. Kwa muda mrefu wahariri waliokusanya maandiko yake waliziacha kurasa kadhaa zenye tarakimu na michoro mitupu, kwa kuwa hazikuwa na maneno ya kusomeka. Mwaka 1973 Drake alitangaza baadhi yake. Ukurasa mmoja unaonyesha tufe likiteremka katika mteremko uliowekwa juu ya meza, likiruka ukingoni na kutua sakafuni. Kutoka kimo cha 300 lilitua umbali wa 800. Kutokana na kipimo hicho Galileo alikokotoa mahali lilipopaswa kutua likiachwa kutoka vimo vingine, kisha akapima. Kwa kimo cha 800 hesabu ilitoa 1306, sakafu ikatoa 1328. Kwa kimo cha 1000 hesabu ilitoa 1460, sakafu ikatoa 1500. Ameziandika zote, hesabu na kipimo, na kando yake ameandika tofauti: 22 na 40.